Sarafu moja ya Afrika Mashariki: Mombasa ilishawahi kuishi nayo

Mombasa ilikuwa na pesa yenye jina lake kabla Kenya haijawa nchi. Mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ile ya William Mackinnon, ilitoa rupia za fedha na pesa za shaba zilizoandikwa Mombasa. Hazikudumu. Kampuni iliondoka 1895 na rupia ya Bara Hindi, iliyokwisha kuzoeleka pwani kwa biashara ya majahazi na kusambazwa bara na maelfu ya vibarua wa reli, ikashika soko lote. Hata noti za mwanzo za serikali ya kikoloni, za mwaka 1905, zilihesabiwa kwa rupia na kuandikwa Mombasa.

Nimeanzia huko kwa sababu mpango wa sarafu moja ya Afrika Mashariki huzungumzwa kana kwamba ni jambo jipya. Marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitia saini itifaki yake Kampala tarehe 30 Novemba 2013, wakaweka lengo la 2024. Mwaka huo ukapita, na sasa kunatajwa 2031. Lakini watu wa pwani hii wameishi na sarafu ya pamoja kwa zaidi ya miaka 40. Shilingi iliyonunua samaki Mombasa ndiyo iliyonunua pamba Kampala na mkonge Tanga. Tunayo kumbukumbu ya kupimia ahadi za leo, na inashangaza kuona jinsi tunavyoitumia kidogo.

Wanaoitaka sarafu hiyo wana hoja nzito, na hapa Mombasa ni nzito kuliko kwengine. Mizigo ya Uganda ndiyo sehemu kubwa zaidi ya mizigo inayopita bandarini kwenda nchi jirani, ikifuatiwa na ile ya Sudan Kusini, Kongo ya mashariki na Rwanda. Mfanyabiashara wa Kampala anayemlipa wakala wa forodha wa Mombasa mara nyingi huanza na shilingi ya Uganda, akanunua dola, kisha dola zikageuzwa shilingi ya Kenya. Kila mgeuzo una mkono wa mtu unaochukua chake. Kampuni kubwa hujikinga, maana ina akaunti za dola na maafisa wa kufuatilia bei. Mwenye duka anayeagiza kontena moja kwa kushirikiana na wenzake hana kinga hiyo, na dereva wa lori anayebadilisha noti pale mpakani Malaba hana hata nafasi ya kulinganisha bei. Kwa watu hawa sarafu moja ni nafuu ya kweli, na sioni haya kusema hivyo ingawa naishia upande mwengine.

Ila nafuu hiyo ina mpaka. Ada za bandari hutozwa kwa dola. Vitambaa, vipuri na magari yaliyotumika hununuliwa Guangzhou, Dubai na Japani kwa dola. Mwaka 2023 dola ilipanda kutoka shilingi 123 hivi hadi karibu 157, na Januari 2024 ikapita 160 kabla ya kurudi chini serikali ilipopata mkopo mpya wa kulipia deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva mwaka huo. Waagizaji wa Mombasa waliteseka, lakini kilichowatesa ni dola, wala si shilingi ya jirani. Sarafu ya pamoja isingezuia hayo, labda kama nchi zote kwa pamoja zingekuwa na akiba nono ya dola kuliko ilivyokuwa nayo Kenya peke yake.

Turudi kwenye sarafu tuliyokuwa nayo. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London Desemba 1919. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kueleza: kila shilingi iliyotolewa huku ilipaswa kuwa na pauni zake zimewekwa London. Hakuna gavana wa koloni aliyeweza kuchapisha noti ili kuziba pengo la bajeti, na shilingi ilibaki 20 kwa pauni moja mwaka baada ya mwaka. Mabenki yaliyokuwa yamekwisha kufungua milango Mombasa, National Bank of India tangu 1896 na Standard Bank tangu 1911, yalifanya kazi katika utulivu ambao kizazi chetu hakijauonja. Utulivu huo ndio unaotamaniwa na wanaoisifu sarafu ya pamoja.

Lakini utulivu huo uliamuliwa wapi, na ulimgharimu nani? Kabla ya vita vya kwanza vya dunia rupia 15 zilikuwa pauni moja, maana yake rupia moja ilikuwa shilingi moja na peni nne za Kiingereza. Bei ya madini ya fedha ilipopanda baada ya vita, rupia ikapita shilingi mbili. Mwaka 1920 London ikaamua kuikaza hapo hapo kwenye shilingi mbili, ikaibadilisha kuwa florini, na mwaka uliofuata kuwa shilingi tuijuayo. Kwa uamuzi mmoja, aliyekuwa akidai rupia alinufaika na aliyekuwa akidaiwa akazidishiwa mzigo kwa nusu nzima. Walowezi waliokuwa na mikopo ya benki walipiga kelele na hawakusikilizwa. Mwaka 1921 wakahamishia mzigo chini: waajiri walikubaliana kupunguza mshahara wa Mwafrika kwa theluthi moja. Hasira hiyo ni mojawapo ya mambo yaliyompa Harry Thuku, mtetezi wa mapema wa haki za Waafrika Kenya, wafuasi. Kibarua ambaye hakuwahi kukopa benki hata senti ndiye aliyelipa gharama ya bei ya rupia.

Na Septemba 1949 Uingereza iliposhusha pauni kutoka dola 4.03 hadi 2.80, shilingi yetu ilishuka nayo. Hapa hapakuulizwa mtu.

Ndiyo maana naipa uzito mkubwa tarehe ambayo wengi huipita haraka. Juni 1965 mawaziri wa fedha wa Kenya, Uganda na Tanzania walitangaza kwamba kila nchi itakuwa na benki kuu yake. Shirikisho la nchi hizo tatu lililoahidiwa 1963 lilikuwa limekwama, na Uganda na Tanzania zililalamika kwamba viwanda na faida vinajazana Kenya. Shilingi ya Kenya ilianza tarehe 14 Septemba 1966. Novemba 1967, mwaka mmoja na miezi miwili baadaye, Uingereza ilishusha tena pauni, hadi dola 2.40. Safari hii Kenya, Uganda na Tanzania hazikufuata. Benki kuu changa ya Kenya, iliyokuwa ndiyo kwanza imempata Duncan Ndegwa kuwa gavana wake wa kwanza Mkenya, ilisimama pale ambapo bodi ya zamani isingeweza kusimama.

Anayenipinga atanijibu kwa neno moja: Goldenberg, ile kashfa ya pesa za umma. Na jibu hilo linauma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mabilioni ya shilingi yalilipwa kama zawadi ya kuuza nje dhahabu na almasi, wakati Kenya haina hata almasi za kuuza. Pesa zilimwagwa wakati wa uchaguzi wa 1992, na mwaka 1993 mfumuko wa bei ulivuka asilimia 40. Mama aliyeweka akiba ya kumsomesha mwanawe sekondari aliiona ikiyeyuka ndani ya kitabu cha benki. Yote hayo yalitokea chini ya benki kuu yetu wenyewe. Laiti mamlaka ya kutoa noti yangekuwa Arusha, makao ya jumuiya, au kwengine, mbali na mikono ya wakubwa wa Nairobi, huenda tusingeumia vile. Hoja hii siwezi kuibomoa.

Ninachoweza ni kuuliza kilichofuata. Tume iliundwa, mashahidi wakasema hadharani, sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa, na Katiba ya 2010 kwenye kifungu cha 231 ikasema kwamba benki hiyo haitapokea amri ya mtu yeyote katika kazi zake. Noti zilipobadilishwa 2019 wananchi walikwenda mahakamani kupinga, wakashindwa, lakini walisikilizwa. Benki tatu zilipofungwa 2015 na 2016 na wateja wakagundua kwamba amana iliyokatiwa bima ni shilingi 100,000 tu, kelele zikapigwa, na kiwango kikapandishwa hadi 500,000 mwaka 2020. Ni polepole mno, na wenye hasara wengine hawakupata chao. Hata hivyo kuna mlango wa kubisha. Kibarua wa 1921 hakuwa na mlango.

Kuna pia jirani. Uganda ya Idi Amin, na ya waliomfuata, iliharibu shilingi yake hadi ikalazimika kukata sifuri mbili mwaka 1987. Kama tungekuwa tunachangia sarafu moja wakati ule, moto ule ungetuunguza sote. Leo jumuiya ina wanachama wanane. Somalia na Kongo hutumia dola katika sehemu kubwa ya biashara, na Sudan Kusini imeonja mfumuko wa bei wa kutisha. Masharti ya kujiunga yanataka nakisi ya bajeti isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa na deni lisilozidi asilimia 50. Kenya yenyewe, inayojiona kaka mkubwa, haiyatimizi.

Kwa hiyo naona 2031 ni mapema. Kinachoweza kumsaidia mwenye kontena moja sasa hivi ni malipo ya moja kwa moja kati ya shilingi na shilingi, bila kupitia dola. Benki kuu za kanda tayari zina mfumo wa kulipana, na kutuma pesa kwa simu kuvuka mpaka kumekwisha kuzoeleka. Ada zake zishushwe, na wakala wa Mombasa aruhusiwe kushika shilingi ya Uganda kwenye akaunti kwa urahisi ule ule anaoshikia dola. Hayo hayahitaji kumkabidhi mtu mwengine usukani wa bei ya pesa yetu.

Kuhusu benki kuu ya pamoja itakayotoa sarafu hiyo, wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki huchaguliwa na mabunge ya nchi zao, si na wapigakura. Kabla sarafu hiyo haijatafutiwa jina, nataka kusoma kifungu kinachosema gavana wake ataitwa mbele ya nani akikosea, kesi dhidi yake itasikilizwa wapi, na mfanyabiashara wa soko la Kongowea ataifikishaje huko bila nauli ya ndege.