Nasikia Mwaloni

Nilipelekwa Dodoma na kazi, semina ya siku 4 kuhusu namna ya kujaza fomu ambazo nimekuwa nikizijaza miaka 9. Siku ya tatu mchana wakatupakia kwenye kosta, wakatupeleka kuona mashamba ya zabibu na kiwanda cha mvinyo. Dakika 45. Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya mvinyo, naitaja mapema msije mkanitarajia makubwa.

Lakini dakika 45 zikimkuta mwenye kiherehere, zinatosha. Nilirudi Mwanza najua kwamba Dodoma wanavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, wakati wenzetu wa Ulaya wanavuna mara moja. Najua kuna zabibu nyeusi inaitwa Makutupora. Najua wekundu wa mvinyo unatoka kwenye maganda, si kwenye maji ya tunda. Na zaidi ya yote, najua kwamba mvinyo haunywewi, unaonjwa: unautazama, unauzungusha kwenye glasi, unaunusa, unausukutua mdomoni, kisha unautema. Kijana aliyetutembeza alitema mstari mmoja mwembamba ukatua katikati ya ndoo, hata tone halikubaki kidevuni. Nilimhusudu. Maishani mwangu nilikuwa sijawahi kumhusudu mtu kwa kutema.

Nikanunua chupa 5, nikazipakata ndani ya basi kutwa nzima, Singida, Nzega, Shinyanga, kila tuta nazikumbatia kama mtoto mchanga. Jirani yangu wa kiti akaniuliza kama ni dawa. Nikamwambia ni kazi ya kitaalamu.

Jumamosi nikawakusanya wenzangu kwenye mawe ya ufukweni, Luchelele. Walikuja Kulwa na Doto, pacha ambao nimesoma nao tangu darasa la kwanza. Mke wa Doto, shemeji yetu mfanyabiashara wa samaki. Na Mwalimu wa hesabu, ambaye mkimwalika popote anakuja na hesabu zake. Kulwa ndiye aliyetubeba kwa kirikuu chake. Mimi nilivaa shati jeupe, jipya, la mikono mirefu. Mtaalamu lazima aonekane.

Tatizo la kwanza lilikuwa ubaridi. Nikafunga chupa kwenye kiroba cha wavu, nikazizamisha ziwani zipoe. Kulwa, ambaye alivua samaki kabla hajanunua kirikuu, akanitazama nikifunga kamba mpaka nikamaliza.

"Kaka, ziwa hili lina nyuzi 25," akasema. "Hapo unazikanda kama mzazi."

Shemeji akasema hakuna shida, amekuja na deli lake lina barafu, na glasi amezifunga kwenye kanga akaziweka humohumo zipate ubaridi. Nikamshukuru sana. Laiti ningemuuliza deli hilo lilikuwa na nini kabla ya glasi.

Tatizo la pili, kizibuo kilikuwa kimebaki nyumbani juu ya friji. Kulwa akafungua chupa kwa parafujo na koleo. Mbele.

Nikawamiminia wote kidogo kidogo, nikawapa maelekezo, nikaweka ndoo katikati. Mwalimu akauliza ya nini. Nikamweleza. Akanyamaza, midomo inacheza.

"Chupa umenunua 15,000," akasema. "Mililita 750. Funda moja 30. Kila tukitema tunatema shilingi 600."

"Mimi sitemi," Kulwa akasema.

"Divai niliyopewa na rafiki niitemee ndoo?" Doto akasema. "Mama akisikia?"

Nikawaacha washamba wameze. Nikainua glasi yangu kwenye mwanga, nikaizungusha, nikaingiza pua yote mpaka ikagusa ukingo. Kulikuwa na harufu. Harufu nzito, ya mbali kidogo, harufu ambayo ungesema unaifahamu ila hujui mlikutana wapi. Nikakumbuka yule kijana wa Dodoma alivyotueleza kwamba kuna mvinyo unaolazwa kwenye mapipa ya mti wa mwaloni, ukachukua harufu ya mti. Nikafumba macho.

"Nasikia mwaloni," nikatangaza.

Kimya. Doto akamtazama mkewe. Mkewe akatazama ziwa.

"Hata mimi nausikia," Kulwa akasema.

Hamjui nilivyofurahi. Mtu uliyemdharau, ghafla ana pua! Nikamwambia aendelee kunusa, asiogope, aseme chochote kinachomjia.

"Ni mwaloni kabisa," akasema. "Kama nimesimama pale getini."

Sasa, msomaji wa mbali, nikuweke sawa. Mwaloni wangu mimi ulikuwa mti, ule wa Ibrahimu kule Mamre tunaousikia kanisani, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona. Lakini kwa mtu wa Mwanza mwalo ni pale mitumbwi inapoegesha, na ukisema Mwaloni unasema Kirumba, soko la samaki, magunia ya dagaa yanayopakiwa kwenda mpaka Kongo, na harufu inayokupokea kabla ya konda kutaja kituo. Kwa hiyo tulikaa pale karibu nusu saa tukikubaliana kwa dhati juu ya vitu viwili tofauti.

Chupa ya pili nikazidi kupanda. Nikasema huu mwaloni umekomaa, hauna papara, unakuja taratibu nyuma ya ulimi. Nikakadiria. "Huu," nikasema, "ni mwaloni wa miezi 18."

Shemeji akashindwa kuvumilia.

"Shem, ni wa jana," akasema. "Nilibebea mabondo ya sangara. Deli nililisuuza tu harakaharaka, nisamehe."

Kulwa alijilaza chali juu ya jiwe. Doto aligeuka nyuma, mabega yanatikisika. Mwalimu akanusa glasi yake tena, taratibu, kama anayehakiki jibu la mwanafunzi, akatikisa kichwa kukubali.

Mtu mwenye akili angecheka nao yakaisha. Mimi nikaona heshima yangu imebakiwa na mlango mmoja tu: kutema. Hilo hawakuliweza wao, hilo ndilo nitakalowaonyesha. Nikamimina chupa ya tatu, nyekundu tititi, Makutupora mwenyewe, nikapanda kwenye jiwe la mwisho kabisa juu ya maji. Nikapiga funda kubwa, mashavu yakajaa. Nikasukutua kulia, nikasukutua kushoto. Nikaelekeza uso ziwani, nikabana midomo kama yule kijana, nikatema mstari wangu.

Ilikuwa saa 9 alasiri. Mtoto yeyote wa Luchelele angekwambia saa hizo upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Mstari wangu ulikwenda kama hatua moja, ukasimama, ukarudi. Wote. Uso, shingo, shati jeupe mpaka kwenye mkanda. Nikashtuka, nikavuta pumzi, na ule uliobaki mdomoni ukaingia kooni kwa njia isiyo yake na kutokea puani. Nikapiga magoti pale juu, nakohoa, natiririka wekundu puani na mdomoni.

Kina mama waliokuwa wakifua chini ya mawe waliona hayo tu. Hawakuona chupa.

"Mayu! Anatapika damu!"

Na kandokando ya ziwa hili hilo si neno la kuchekea. Kichocho kikikaa mwilini miaka bila dawa kinaharibu ini, na siku mtu anapotapika damu hakuna mjadala, anabebwa. Basi nikabebwa. Wavuvi wawili waliruka kutoka kwenye mtumbwi, mmoja akanishika kwapani, mwingine miguuni, na mama mmoja mtu mzima akanifunika kanga mbichi aliyokuwa akiifua.

Nilijaribu kuwaambia. Sauti ilikuwa imekatika, kila nikifungua mdomo kinatoka kikohozi.

"Mvi... mvi..." nikasema.

"Anasemaje?"

"Masikini," yule mama akasema, machozi yanamlenga. "Anasema hajaota hata mvi."

Wenzangu je? Kulwa alikuwa amejikunja, kichwa katikati ya magoti, anatetemeka mwili mzima, na mvuvi mmoja akampapasa mgongo akamwambia jikaze, ndugu yako atapona. Doto alikuwa anaficha chupa kwa sababu kina mama wale alikuwa akisali nao. Mwalimu alikuwa ameshika glasi yake mkononi. Shemeji peke yake ndiye aliyekimbia nyuma yetu akipaza sauti, "Ni mvinyo, jamani, ni mvinyo!" na akajibiwa kwa upole kwamba atulie, kilio hakisaidii.

Wakanipakia kwenye pikipiki mshikaki, mimi katikati, dereva mbele, mvuvi nyuma amenikumbatia nisianguke. Barabara ile ina mashimo. Kila shimo nilikohoa, na kila nilipokohoa dereva aliongeza mwendo.

Kwenye zahanati watu waliokuwa kwenye foleni walinipisha wenyewe. Nililazwa kitandani, nikawekewa beseni. Muuguzi akaja, mama wa makamo, miwani kwenye ncha ya pua, mtu ambaye ungeona tu ameshaona kila kitu. Akanishika mkono kuhesabu mapigo. Akanifunua jicho. Akatazama shati. Kisha akainama, akavuta ukosi wa shati langu kwa vidole viwili, akanusa, mara moja, bila haraka.

"Hii si damu," akamwambia mvuvi. "Hii ni waini."

Mvuvi alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikimwona mtu mwenye kofia kama yake navuka barabara. Nikafumba macho nijifanye mgonjwa kidogo zaidi.

Muuguzi alikuwa bado ameshika ukosi. Akakunja uso, akainama tena, safari hii akavuta pumzi ndefu.

"Waini," akasema, "lakini ina mwaloni."

Nilifumbua jicho moja nimuulize mwaloni upi. Nikaona anafungua dirisha.