Barry Sanders hadaiwi na mtu yeyote

Kila nikifungua klipu za Barry Sanders lazima nikute mtu kakomenti et jamaa aliwatosa mashabiki wa Detroit Lions, timu yake ya futiboli ya Marekani, kwa kustaafu mapema, na mi roho inaniuma kweli maana yule mtu alikuwa ranibeki, yaani ndo yule anayekabidhiwa mpira mkononi afu anaingia nao kwenye ukuta wa mijitu ya kilo mia na kitu inayolipwa kumwangusha chini. Kuanzia 1989 mpaka 1998 alikabidhiwa mara 3,062, kama mara 20 kila mechi. Hebu fikiria huo mwili.

Cheki ile mechi ya Januari 1992 na Dallas Cowboys. Kapewa mpira, wamemzonga, unamwona kabisa kapotelea katikati ya watu unasema basi imeisha, ghafla anazunguka kama pia, kachomoka, na huyooo hakamatiki. Kafika mwisho hata hashangilii, anampa refa mpira wake anaondoka. Lions wakashinda 38-6 na hiyo ndo mechi pekee ya mtoano waliyoshinda miaka yote 10 aliyokaa pale. Moja!

Sasa 1999 alikuwa kabakiza yadi 1,457 tu kuifikia rekodi ya ranibeki Walter Payton ya yadi nyingi zaidi kukimbia na mpira kwenye ligi, yadi 16,726, na kumbuka 1997 alikimbia 2,053 kwa msimu mmoja, kwahiyo ilikuwa ni kurudi tu na kuibeba. Badala yake akatuma faksi kwenye gazeti la kwao Wichita kwamba kastaafu, ana miaka 31.

Watu wakashangaa ila mi naona alishajionyesha mapema. Msimu wake wa kwanza, mechi ya mwisho, yuko nyuma ya kinara wa ligi kwa yadi 10, kocha anamuuliza kama anataka kurudi uwanjani azitafute, akakataa kwasababu timu ilikuwa inashinda tayari. Taji la yadi likaenda kwa Christian Okoye, Mnigeria wa Kansas City Chiefs, 1,480 kwa 1,470. Mtu wa hivyo unamrudishaje kwa rekodi? Alikuwa anataka ushindi, na mwenyewe alikuja kusema kufungwafungwa kwa timu ndo kulimchosha.

Na hata pesa, Lions walimdai sehemu ya bonasi ya kusaini mkataba na uamuzi ukatoka azirudishe. Sasa nyie mnaokomenti mnamdai nini tena?