Askari wa Taa na Wageni Wasio na Macho

Nyumbani kwetu anayeogopwa si mimi wala mama watoto. Ni kitinda mimba wetu, ambaye tangu tulipokubaliana kama familia kuacha kupoteza umeme na maji, amejipa cheo cha askari wa taa. Ukitoka chumbani ukaacha taa inawaka, anakuandika kwenye daftari. Bomba likidondosha, anaandika. Chaja ikisahaulika ukutani bila simu, anaandika, tena kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa baba ndio uliojaa kuliko yote na sitaki kuujadili.

Basi nikaleta nyungunyungu.

Nilipewa na bwana mmoja anayewafuga. Si wale unaowakuta ukilima. Hawa ni wekundu, wembamba, wataalamu wanawaita Eisenia fetida, na hawana habari ya kuchimba chini sana. Maisha yao ni juu juu, kwenye majani na uchafu unaooza. Unawaandalia kasha lenye matundu, unatandika karatasi zilizochanwachanwa na kuloweshwa kidogo, unawapa maganda ya mboga na matunda, nao wanakurudishia mboji. Ganda ambalo lingefukiwa jalalani likaoza bila hewa na kutoa gesi ya methani, linaishia kwenye chungu cha maua. Hapo hata mama watoto alikubali, kwa sharti kwamba asiwaone.

Yule bwana alinisisitizia jambo moja. "Wakiwa wageni hawatulii. Giza likiingia wanaanza safari. Waachie taa juu yao usiku kucha, hawapendi mwanga, watajichimbia chini." Macho hawana, lakini ngozi yao inahisi mwanga. Nikaliweka kasha jikoni bila mfuniko, taa ya wati 5 ikiwaka juu yake.

Askari akafika.

"Baba, hii taa ya nani?"

"Ya nyungunyungu."

"Wanasoma?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote, kisha akafungua daftari.

Jioni hiyo hiyo kikao cha majirani kilikuwa kwetu. Ajenda: kutenganisha taka mtaa mzima, za kuoza huku, plastiki huku, chupa huku. Mama watoto alikuwa ametoka kupiga deki muda si mrefu, sakafu bado mbichi, kwa hiyo wageni waliombwa wavue viatu kwenye korido, pale pale mkabala na mlango wa jikoni. Sasa tazama mambo yanavyojipanga. Nyungunyungu anapumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka hana maisha. Sakafu kavu ingewashinda hatua ya kwanza. Sisi tuliwamwagilia barabara, na mwisho wa barabara tukawapangia viatu: giza, joto na unyevunyevu. Hoteli gani tena unataka?

Askari alipita kwenda kulala. Nilisikia swichi ya jikoni ikilia *ta*, lakini akili yangu ilikuwa kwenye mjadala wa nani atanunua ndoo. Mjadala wa ndoo, kwa mtu ambaye hajawahi kukaa kamati, unaweza kumaliza jioni nzima. Kuna waliotaka zenye mifuniko, kuna waliosema mifuniko itaibwa, na kuna baba mmoja aliyetaka kwanza tujue ndoo za mwaka jana zilikwenda wapi. Huku jikoni watu wako safarini.

Mwishowe nikapewa nafasi. Nikasimama na karatasi yangu. Nikawaambia kwamba kwa mujibu wa ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani. "Majumbani, ndugu zangu! Humu humu tulimo!" Nikapiga na mkono mezani.

Bibi wa nyumba ya pili alikuwa ameshaaga. Tukasikia sauti yake kutoka korido, tulivu kabisa:

"Mwenye nyumba, kiatu changu kina mtu."

Nikatoka. Sakafuni kulikuwa na msafara. Mmoja nilimwona vizuri: alijivuta mbele mpaka akawa mwembamba kama uzi, akatulia kidogo, akauvuta mwili wote nyuma yake, akatumbukia kwenye kiatu cheusi cha mwenyekiti. Wengine walikuwa wameanza kupanda ukuta. Wote bila haraka.

"Minyoo!" mtu akapiga kelele, na kikao kikavunjika bila kufungwa. Mwenyekiti, mtu mzito mwenye heshima zake, nilimkuta amesimama juu ya kochi langu akiita utaratibu.

Tukapiga magoti, mimi na wachache wenye roho ngumu, kuwaokota kwa vijiko na vipande vya karatasi. Mwenyekiti akasaidia kwa kumulika tochi ya simu kutoka kule juu. Kila akimulika, nyungunyungu wanakimbilia gizani, yaani ndani zaidi ya viatu.

"Zima tochi, Mwenyekiti!"

"Nikizima mtawakanyaga!"

"Basi mulika dari!"

"Kwani wapo mpaka darini?"

Hapo akashuka kwenye kochi kwa njia ambayo kochi halijapona.

Kelele zikamwamsha askari. Akasimama mlangoni anapikicha macho: sebuleni taa, korido taa, jikoni taa, chooni taa, na simu za watu wazima zinamulika kila upande. Hakuuliza habari ya nyungunyungu hata kidogo. Alirudi chumbani kuchukua daftari.

Waliopatikana nikawarudisha kasha lao na taa yao. Bibi peke yake hakukubali kutoa wa kwake. Alisema aliyeingia kiatuni mwake ni wake, akaomba na wenzake kadhaa ili asiwe mpweke, na konzi ya karatasi mbichi, akaondoka nao kwenye bakuli akiwa peku, viatu mkononi. Muhtasari wa kikao uliandikwa hivi: "Ajenda ya 3 iliahirishwa baada ya wajumbe wapya kuhudhuria bila taarifa."

Usiku wa manane simu ikalia. Bibi.

"Mwanangu, hawa wageni wako wamelala. Nizime taa?"

"Usizime, bibi! Tafadhali!"

Akanyamaza kidogo.

"Sawa. Lakini umeme unalipa wewe."