Hii Santuri Sio ya Yoga Jamani

Hivi nani anapanga hizi orodha za muziki kwenye apu? Juzi natafuta Indo-Jazz Suite, ile santuri ya 1966 ya John Mayer na Joe Harriott, naikuta imetupwa kwenye orodha ya muziki wa yoga. Yoga! Imebanwa kati ya sauti za mvua na vifilimbi vya kulazia watoto. Yaani mtu kasikia sitar, lile gitaa refu la Kihindi, sekunde tatu akaona basi, kazi imekwisha, watu wakunje miguu wavute pumzi. Wallahi aliyeiweka pale hajaisikiliza, maana Harriott akiingia na ile alto saksafoni yake huyo wa yoga atateguka kiuno.

Nikaisikiliza yote tena usiku uleule, ni nyimbo nne tu, na hasira zikazidi, kwa sababu hii kazi hata wapenda jazz wengi hawaijui na wanaoijua wanaitaja kama kichekesho cha miaka ya sitini, enzi za mashati ya maua na ubani.

Mayer hakuwa mtu wa jazz kabisa. Mzaliwa wa Calcutta, chotara, kwao hawana kitu, akapata skolashipu ya Royal Academy of Music kule London mwaka 1952. Ugali wake ulitoka kwenye fidla, alipiga kwenye okestra ya London Philharmonic halafu Royal Philharmonic, na pembeni anatunga muziki wa kiklasiki. Jinsi alivyoingia jazz ndiyo inanichekesha: prodyusa Denis Preston ana santuri imepungukiwa kipande kifupi, anamuuliza Mayer unacho? Mayer anasema ninacho, kumbe hana hata noti moja, akakesha akakiandika. Baadaye Preston akamsikilizisha kipande hicho Ahmet Ertegun wa kampuni ya santuri ya Atlantic, na Ertegun ndiye akasema kwa nini msifanye santuri nzima, Wahindi na wanajazz pamoja. Wakaingia studio 1965, watano upande huu watano upande ule. Uongo mwingine una baraka zake bana.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize. Wengi wakichanganya muziki wa Kihindi na wa kwao wanaitia sitar kama kotmiri, sahani ishapakuliwa ndio inanyunyiziwa juu. Wimbo ni uleule, kordi (noti zinazopigwa kwa pamoja) zilezile, mapigo yaleyale, halafu sitar inalialia kidogo mwanzoni mpate kujua kuna ugeni. Mayer alikataa hiyo. Yeye aliifanya raga, ule mpangilio wa noti wa muziki wa Kihindi, kuwa ndiyo sheria, na jazz ndiyo mgeni aliyebisha hodi. Kila raga ina noti zake za kupanda na noti zake za kushuka, na zipo ambazo huruhusiwi kuzigusa hata ukiwa nani, na yeye akawakabidhi hizo wanajazz wa London waliozoea kutembea watakako, akawaambia cheza humu. Hebu mfikirie Pat Smythe kwenye piano, maisha yake yote jazz ni kordi kubadilika, unatoka hapa unakwenda pale unarudi, leo chini yake kuna tambura, ala ya nyuzi ya Kihindi, inashikilia sauti moja tu, haendi popote. Na anapata cha kusema! Anaweka vidole vichache, ananyamaza, anaweka tena. Huku Keshav Sathe yuko kwenye tabla, zile ngoma ndogo za Kihindi, anaongea na ngoma za jazz bila mmoja kumfunika mwenzake, na Mayer mwenyewe yumo na fidla yake.

Na Harriott ndiye wa ajabu kuliko wote. Huyu ni Mjamaika wa Kingston, kafika Uingereza 1951, na mwaka 1960 alishapiga santuri yake ya Free Form, ameshatupa sheria zote za jazz dirishani. Mtu wa hivyo anakubalije kufungwa kamba na raga? Lakini msikilize kwenye Raga Megha, ile ya msimu wa mvua. Anaibana noti moja, anaipinda, anairudia mpaka inatoa moshi, kwa sababu hana noti nyingine za kukimbilia. Mimi naona alicheza vizuri zaidi alipobanwa, na anayebisha aje.

Haya, najua mtasema John Coltrane, yule Mmarekani wa saksafoni, alisharekodi wimbo wake India tangu 1961. Sawa, nimekubali, Mayer hakuwa wa kwanza. Mtasema Beatles na sitar yao, hapo sijibu. Na ndiyo, kuna sehemu inakuwa ngumu kama ubao, unasikia kabisa watu wanasoma karatasi, huyu kamaliza zamu yake huyu anaanza, na Diwan Motihar wa sitar angepewa nafasi zaidi ya ile. Mtunzi wa kiklasiki ni mtunzi wa kiklasiki, kuachia kalamu kunamuuma.

Ila sisi wa pwani tungekuwa wa kwanza kumwelewa huyu mzee. Tumekua na tabla na kinanda kwenye taarab ya Mombasa, na marehemu Juma Bhalo watu wamemsema miaka na miaka ati anachukua nyimbo za filamu za Kihindi. Wanaosema hivyo hawasikilizi maneno. Nyimbo zinatoka Bombay lakini ushairi wa Kiswahili ndio umeshika usukani, mizani na vina haviguswi, na tuni ndiyo inajipanga ifuate. Mtu akishajua nani anamtii nani humo ndani, habari ya kuiba imekwisha.

Harriott alifariki 1973, miaka 44 tu, hana hela. Mayer akaja kufundisha Birmingham, na miaka ya tisini akalifufua lile kundi la Wahindi na wanajazz, safari hii na vijana, akafa 2004 kwa kugongwa na gari huko London. Magazeti yalimkumbuka siku hizo, basi.

Mkitaka kuisikiliza anzeni na Raga Megha, Overture, ule wimbo wa kwanza, mtaurudia baadaye. Na tafadhali sana vaeni hedifoni, spika ya simu inaimeza tambura yote, na bila tambura hamtaelewa Harriott anagombana na nini.