Jina la Anayelisha Seli Liandikwe Juu

Jumapili moja, saa mbili kasorobo asubuhi, nilimkuta Mama peke yake kwenye chumba cha maabara cha kuoteshea seli hai. Alikuwa ametoka misa ya kwanza, kitenge kinaonekana chini ya koti jeupe. Alichukua chupa bapa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama kidogo. "Hizi zina njaa tangu jana jioni," akasema. "Njoo uone, mwanangu."

Chakula cha seli ni maji yenye rangi nyekundu ya waridi. Seli zikila na kutoa taka, asidi huongezeka na rangi huelekea njano. Mimi, mwanafunzi wa uzamili, niliona waridi tupu. Yeye alishaona njano inaanza.

Mama alikuwa fundi sanifu wa maabara kwenye chuo nilichosoma. Seli za watafiti wote zilikuwa mikononi mwake. Alizibadilishia chakula kila siku mbili tatu, akazigawa zilipojaa chupa, akaweka akiba kwenye naitrojeni ya maji, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Inkubeta, kabati la joto la kuoteshea seli, lazima ikae nyuzi 37, iwe Idd au Krismasi. Umeme ukikatika usiku, namba ya simu aliyokuwa nayo mlinzi ilikuwa ya Mama, si ya profesa.

Nikiwa pale, maabara ilitoa makala mbili za utafiti. Juu, penye waandishi, kulikuwa na majina saba, la Mama halimo. Chini kabisa, kwenye shukrani, tuliandika "wafanyakazi wa maabara". Mimi nilikuwa mmoja wa wale saba na sikufumbua kinywa. Mpaka leo roho inaniuma, kwa sababu data tuliyojivunia ilitoka kwenye chupa alizozilea yeye.

Nikilisema hili mbele ya wenzangu, jibu huwa lile lile: fundi anafanya kazi ya mikono, hakubuni swali la utafiti. Nadhani wanaosema hivyo hawajui sayansi yao ilikotoka.

Chukua chanjo ya polio. Jonas Salk, aliyeitengeneza, anajulikana dunia nzima. Kwenye maabara yake ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh kulikuwa na kijana anaitwa Julius Youngner. Yeye ndiye aliyetumia kimeng'enya cha tripsini kutenganisha figo za kima hadi zikawa seli moja moja, ndipo ikawezekana kuotesha seli, na virusi ndani yake, kwa wingi. Tena alitengeneza kipimo cha rangi. Unachanganya damu ya mtoto aliyechanjwa, kirusi cha polio na seli. Kama damu ina kingamwili, seli zinapona, zinakula, maji yanageuka njano. Kama haina, seli zinakufa na maji yanabaki mekundu. Nilipokisoma kipimo hicho mara ya kwanza nilimwona Mama dirishani na chupa yake. Kuitazama rangi ya maji ndiko kulikosema nani amekingwa na nani hajakingwa.

Tarehe 12 Aprili 1955, huko Ann Arbor, Michigan, dunia ilitangaziwa kwamba chanjo inafanya kazi. Salk alisimama, akashukuru watu wengi. Watu wa maabara yake hakuwataja. Youngner aliondoka pale na jeraha ambalo aliendelea kulizungumzia hadi uzeeni. Na huyo alikuwa na shahada ya uzamivu. Waliokuwa wakiosha mirija na kuhesabu seli chini yake, nani angewakumbuka?

Miaka hiyo hiyo, Tuskegee, Alabama, chuo cha Wamarekani weusi kilikuwa kinaotesha seli za HeLa ili kupima chanjo hiyo hiyo. Seli hizo zilitolewa mwaka 1951 kwa Henrietta Lacks, mwanamke mweusi, kwenye hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, bila ridhaa yake. Russell Brown na James Henderson ndio walioongoza kazi ya Tuskegee. Chini yao kulikuwa na mafundi weusi, wengi wakiwa wanawake, na kazi ilipopamba moto walikuwa wakitoa mirija kama 20,000 kwa wiki. Kila mrija uwe na seli hai, safi, na idadi inayolingana na mwenzake. Mrija mmoja mchafu ukapita, jibu la mtoto fulani limekuwa uongo. Anayeushika na kuamua "huu hapana" anafanya uamuzi wa kisayansi, na anaufanya mara elfu.

Kuna kanuni zinazotumika sana za kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba. Zinataka mwandishi awe amechangia kazi kwa uzito, ameshiriki kuandika au kuhakiki rasimu, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika. Wengi wanashika masharti hayo kumfungia fundi nje: "hakuandika". Lakini kanuni zenyewe zinasema aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kutimiza mengine. Mama hakupewa rasimu hata siku moja. Unamnyima mtu karatasi, halafu unamhukumu kwa kutoiandika.

Sasa nina kikundi changu kidogo cha utafiti. Mwaka jana tulimpa fundi wetu rasimu kama tulivyowapa wengine wote. Alikaa nayo siku nne, akairudisha na mstari mmoja wa kalamu nyekundu kwenye sehemu ya mbinu. "Seramu tulibadilisha mwezi wa sita," alikuwa ameandika, yaani ile sehemu ya damu inayotiwa kwenye chakula cha seli. "Chupa za kabla na za baada hazilinganishwi." Nilifungua daftari lake la maabara, nikakuta tarehe na namba ya shehena zimeandikwa kwa mwandiko wake mdogo uliosimama. Sisi wanne wenye shahada tulikuwa tumezilinganisha chupa hizo kwenye jedwali la pili.

Jaribio lile tulilirudia lote. Jina lake ni la pili.