Carnifex: lishuke bei au liongezwe ugumu?

Jumamosi moja mwezi uliopita, kwenye meza ya chakula ya rafiki yangu kule Buruburu, Nairobi, Carnifex langu, sanamu ya dubwana katika mchezo wa vita wa Warhammer 40,000, lilitokeza kutoka nyuma ya gofu na kusimama inchi kumi mbele ya askari wake. Nilikuwa nimelipaka rangi kwa wiki tatu, gamba la mgongoni bluu iliyokolea, kucha moja moja kwa brashi nyembamba kama kijiti cha kiberiti. Rafiki yangu akachukua dadu. Mzinga wake wa leza ulihitaji 3 kwenda juu ili ulenge, akapata 4. Ulihitaji tena 3 ili ujeruhi, akapata 5. Zamu yangu: nilihitaji 5 ili gamba lizuie, nikapata 3. Akatupa dadu ya madhara, ikatua 6, na kanuni inaongeza 1, jumla 7. Carnifex lina uhai 8. Mzinga wa pili ukaichukua ile 1 iliyosalia. Ilikuwa raundi ya pili kati ya tano, na dubwana lilikuwa halijamgusa mtu.

Tumebishana tangu siku hiyo. Yeye anasema mambo yalikwenda sawasawa: nimelitoa dubwana mbele ya mizinga, mizinga imefanya kazi yake. Mimi nasema kiumbe wa namna ile hafai kuondoka mezani hivyo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, Warhammer 40,000 huchezwa kwa sanamu ndogo, dadu na utepe wa kupimia kama wa fundi cherehani. Kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, iliutoa mwaka 1987, na toleo la kumi la kanuni zake, ambalo ndilo tunalocheza, lilitoka 2023. Kila sanamu ina bei yake ya pointi, na kila mtu hupanga jeshi la pointi alizokubaliana na mwenzake, mara nyingi 2,000. Jeshi langu ni la Tyranids, viumbe waliotoka nje ya galaksi yetu, wanaoongozwa na akili moja na kula kila chenye uhai kwenye sayari wanayoifikia. Carnifex ndiyo nyundo yao. Jina ni la Kilatini, maana yake mnyongaji. Katika hadithi za mchezo huu dubwana hili limekuzwa makusudi kuvunja ngome na vifaru, na moja wao, Old One Eye, liligandishwa kwenye barafu ya sayari ya Calth likidhaniwa limekufa, kisha likazinduka.

Sasa tuangalie hesabu, maana upande wa rafiki yangu unaanzia hapo. Mchukue askari wa kawaida mwenye boltgun, bunduki ndogo ya mkononi. Analenga kwa 3, lakini ugumu wa Carnifex ni 9 na bunduki yake ina nguvu 4, kwa hiyo anajeruhi kwa 6 pekee, na hata akijeruhi, gamba linashindwa pale tu dadu inapoangukia 1. Zidisha hayo yote: risasi 54 kwa wastani ili kupunguza uhai mmoja. Risasi 432 kulimaliza. Hilo ndilo dubwana la kwenye hadithi. Mzinga wa leza nao hupenya karibu mara tatu katika kila mara kumi, na ukipenya huondoa wastani wa uhai 4 na nusu. Mwandishi wa kanuni aliyataka yote mawili: mdogo asiliweze, mwenye zana sahihi aliweze. Kwenye karatasi sina la kulalamikia.

Lakini mezani hakuna anayekuja na bunduki ndogo peke yake. Kwa kuwa majeshi mengi yana vifaru, kila mpinzani amejaza mizinga ya kuulia vifaru, na mizinga hiyo haichagui. Carnifex linalipiwa pointi 100 na ushei kama kiumbe anayeogopewa na askari wa miguu, halafu linawekwa uwanjani ambapo askari wa miguu siye anayelifyatulia. Kuna na jambo linaloniuma zaidi. Kanuni za magofu zinamruhusu askari wa miguu kupita ukutani, ila dubwana lililozaliwa kuvunja kuta haliruhusiwi, na kwa kawaida huzunguka. Na likifika kwenye kituo cha pointi, yaani mahali panaposhikwa ili kupata pointi za ushindi, nguvu yake ya kukishika ni 3. Intercessor, askari wa kawaida wa Space Marines, ana 2. Wawili tu wakisimama pale wana 4, na kituo ni chao, hata kama dubwana limewainamia.

Kutokana na hayo, wengi ninaocheza nao wanapendekeza jambo moja: lishushwe bei. Likigharimu pointi 80, mtu atapeleka matatu, moja life, mawili yafike. Ni hoja inayoeleweka, na ndiyo njia rahisi kwa kampuni, kwa sababu kubadili namba moja ni kazi ndogo kuliko kuandika upya tabia ya kiumbe mzima.

Naipinga, na sababu yangu ya kwanza ni historia ya mchezo wenyewe. Katika kitabu cha Tyranids cha 2005, Carnifex lililogharimu pointi 115 au chini ya hapo liliweza kuingia katika nafasi za kikosi teule, pamoja na zile za silaha nzito. Watu wakapiga hesabu: Carnifex sita, Hive Tyrant wawili (madubwana viongozi wa Tyranids), jumla madubwana manane upande mmoja wa meza. Mtindo huo ulipewa hata jina, Nidzilla. Kitabu cha 2010 kikajibu kwa kulipandisha hadi pointi 160 kabla hujaliongezea chochote, na Carnifex likatoweka kwenye meza nyingi kwa miaka. Watu hutumia kisa hicho kudai kwamba bei kubwa huua. Mimi naona kosa la 2010 lilikuwa kupandisha bei bila kumpa mchezaji kitu cha thamani hiyo. Na kosa la 2005 lilikuwa zito zaidi, kwa sababu madubwana manane si dubwana tena. Mpinzani huyachukulia kama safu ya vifaru, anayahesabu, anayapangia mizinga, basi.

Sababu ya pili ni ya hapa kwetu. Mimi sijawahi kuikuta sanamu ya Carnifex kwenye rafu ya duka Nairobi. Nililo nalo liliagizwa, likasafiri, likalipiwa nauli na ushuru, na likaja vipande vipande vya kukata na kugandisha kwa gundi. Kila bei ya pointi inaposhuka, jeshi langu la 2,000 linakuwa la 1,900, na ile 100 iliyopungua nitaijaza kwa pesa za kweli. Mtu wa Nottingham atavuka barabara akanunue. Mimi nitasubiri mzigo. Wenzetu wengine hukata kipande cha katoni, wakaandika jina juu yake na kukisimamisha mezani, nami siwakatazi hata kidogo, lakini katoni iliyoandikwa Carnifex haimfanyi mtu arudishe kiti nyuma. Dubwana ghali kwa pointi, lililo moja tu, ni rafiki wa mchezaji asiye na sanamu nyingi.

Je, basi liongezwe ugumu? Hapo ndipo lazima nimpe rafiki yangu haki yake, kwa sababu hoja yake nzuri kuliko zote haimo kwenye hesabu. Aliniambia, ndugu yangu, mimi natoka kazini Ijumaa usiku, Jumamosi natandika meza, nakaa saa tatu. Nikitupa dadu nusu saa nzima dhidi ya kitu kisichojeruhika, nimekuja kufanya nini? Nimekumbuka mchezaji mmoja aliyekuwa akija kutoka Rongai kwa matatu mbili, sanduku la sanamu mapajani. Alikutana na jeshi la vitu vigumu mara mbili mfululizo, na mara ya tatu hakuja. Dubwana lisilokufa ni zuri kwa mwenye nalo tu. Hofu ninayoitetea haina budi kuwa na mlango wa kutokea kwa yule anayeogopa, na mlango huo ni mizinga ya leza. Nikiipunguza makali mno nitakuwa nimeuziba.

Ila hofu si lazima itokane na kutokufa. Wale simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 walikuwa na mwili unaopenywa na risasi kama simba yeyote. Mwezi wa Desemba, John Henry Patterson aliwaua wote wawili, mmoja baada ya mwingine, na leo wamo katika jumba la makumbusho la Field kule Chicago. Hawakushika daraja wala kambi. Lakini kazi ilisimama, watu wakalala juu ya miti na matangi ya maji, kwa kuwa hakuna aliyejua watatokea upande gani wala boma lipi litawazuia. Hicho ndicho Carnifex linachonyimwa na kanuni za kuta. Mpinzani wangu anajua daima litatokea wapi: kwenye pembe ya gofu, kwa sababu ukutani halipiti. Anaielekeza mizinga kwenye pembe hiyo na kunywa chai.

Basi tulikubaliana kujaribu mezani kwetu. Uhai ubaki 8, ugumu ubaki 9, mizinga iwe na nguvu ileile. Carnifex liongezewe pointi 30, na liruhusiwe kupita ndani ya ukuta wa gofu kama askari wa miguu, kwa kukatwa inchi mbili za mwendo wake wa 8. Tumecheza mara mbili kwa kanuni hiyo, na michezo miwili haitoshi kuthibitisha kitu.

Katika wa kwanza lilikufa raundi ya tatu, kwa mizinga ileile, na nililia bei ya zile 30. Katika wa pili nililiweka nyuma ya gofu la katikati na kuliacha pale. Rafiki yangu alikuwa na askari watano kwenye kituo upande wa pili wa ukuta, mahali ambapo zamani angewasahau mpaka mwisho. Aliutazama ukuta, akapima kwa utepe, akapima tena. Kisha akawaondoa wote watano akawarudisha nyuma ya mizinga yake, na kituo kikabaki kitupu raundi mbili nzima. Carnifex lilikuwa bado halijasogea hata inchi moja.