Chemsha "au" tia dawa: neno dogo linalotugharimu Nyanda za Juu Kusini

Kila mvua zinapokolea Mbeya, gari la matangazo hupita mitaani, Mwanjelwa, Ilomba, Nzovwe, likirudia sentensi ile ile: wananchi mnaombwa kuchemsha maji ya kunywa au kuyatia dawa. Nimeisikia miaka mingi na sikuwahi kuiona kasoro. Kazi yangu ni ya maabara, hadubini mbele na vikopo vya choo pembeni, na ni pale mezani ndipo lile "au" lilipoanza kunisumbua.

Mama mmoja wa upande wa Uyole alimleta mtoto wa mwaka na nusu aliyekuwa akiharisha, anapata nafuu, halafu anaharisha tena. "Dokta," aliniambia, maana huku kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni dokta, "dawa ya maji natia kila siku, sijawahi kuruka. Mbona mwanangu haponi?" Kwenye kioo cha sampuli ya choo cha mtoto wake nilikuta jiadia wamejaa. Ukimwona mara moja huwezi kumsahau: ana umbo la tone la maji, viini viwili kama macho yanayokutazama, na akiwa hai husogea kwa kupinduka-pinduka kama jani linalodondoka. Mama yule hakukosea kitu. Alikuwa amelifuata tangazo neno kwa neno.

Jiadia si bakteria. Yeye, amiba wa kuhara damu na kriptosporidia ni protozoa, viumbe vya seli moja, na hao watatu ndio wanaotuhusu zaidi kwenye maji ya kunywa. Kwa wafugaji wa nguruwe yuko na wa nne, balantidia, mkubwa kuliko protozoa wote wanaomwingia binadamu, ingawa haonekani mara nyingi. Wote wana ulinzi unaofanana: wakitoka tumboni wanakuwa wamejifunga ndani ya ganda. Watu huyaita mayai ya amiba. Si mayai, ni mdudu mwenyewe amelala humo, anasubiri mdomo mwingine. Ganda la amiba lina upana wa kama maikromita 12 hadi 15, la jiadia 8 hadi 12, la kriptosporidia 4 hadi 6, na maikromita 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Siku moja niliweka kipande cha kanga chini ya hadubini nione wale wanaochuja maji kwa kitambaa wanapata nini. Matundu kati ya nyuzi yalikuwa mapana kiasi kwamba jiadia wangepita hapo kwa makundi. Kitambaa kinazuia majani na tope, basi.

Sasa tuwape haki wanaotetea dawa, kwa sababu hoja yao ni nzito na wengi wanaoibeza hawajawahi kuona wodi ya kipindupindu. Klorini, ndiyo dawa yenyewe ya maji, inaua vimelea vya kipindupindu haraka na kwa bei ndogo. Kifuniko kimoja kinatosha ndoo nzima ya lita 20, hakuna mkaa, hakuna moshi, hakuna mtoto wa kuungua na sufuria. Isitoshe, inabaki ndani ya maji ikilinda. Maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote yakishapoa: mkono mmoja ulioingia na kikombe ndani ya ndoo unarudisha kila ulichoua. Nimeingia nyumba ambazo maji yanachemshwa kwa uaminifu, kisha yanamiminwa kwenye dumu la njano ambalo halijasuguliwa ndani tangu linunuliwe. Hapo mkaa umeungua bure.

Na mkaa si kitu cha kutajwa juu juu. Kuchemsha maji yote ya kunywa ya watu sita ni sufuria kubwa kila siku, juu ya chai, ugali na maharage. Misitu tunaiona inavyoisha. Serikali yenyewe imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na huwezi kusimama jukwaani ukahubiri hilo huku mkono wa pili ukimwambia mama awashe jiko la mkaa kwa ajili ya maji. Kuna na hatari ya baridi ya Juni na Julai, pale watu wanapoliingiza jiko ndani na kufunga madirisha. Hewa ya mkaa imeshaua wengi wakiwa usingizini.

Kwa hiyo anayesema "tia dawa" si mvivu wala mjinga. Anapigana na adui anayeua mtu mzima kwa saa chache, na kwa adui huyo silaha yake ni sahihi.

Tatizo ni adui wa pili. Kriptosporidia haiguswi na klorini ya kiasi ambacho binadamu anaweza kunywa. Mwaka 1993 katika mji wa Milwaukee, Marekani, watu wanaokadiriwa kufika 403,000 waliugua baada ya kimelea hiki kupenya kwenye mtambo mmoja wa maji wa mji. Maji yale yalikuwa yametiwa klorini kama kawaida. Kilichoshindwa ni uchujaji, na dalili pekee ilikuwa ukungu wa maji kuongezeka kidogo kuliko siku nyingine. Nayakumbuka hayo kila mvua ya Machi inapogeuza mito yetu kuwa rangi ya chai ya maziwa.

Amiba na jiadia si wagumu kiasi hicho. Klorini inawashinda ikipewa muda mrefu na maji yakiwa ya uvuguvugu. Na hapa ndipo jiografia inapotugeukia. Klorini hufanya kazi polepole zaidi kwenye maji ya baridi, na tope huila kabla haijamfikia mdudu. Nusu saa iliyoandikwa kwenye chupa inaweza kutosha kwa bakteria. Kwa jiadia waliomo kwenye maji ya Mbeya asubuhi ya Julai, yale yanayouma meno, haitoshi kuwamaliza. Baridi hiyo hiyo inawatunza: ndani ya ganda, jiadia hukaa hai wiki nyingi katika maji ya baridi, na kriptosporidia hufika miezi. Tunajivunia chemchemi za Rungwe na za milima ya Livingstone kwamba ni safi kwa kuwa ni baridi na zinang'aa. Kung'aa hakumwonyeshi mdudu wa maikromita 5, na ubaridi kwake ni kama jokofu. Juu ya chemchemi hizo kuna mabanda ya ng'ombe wa maziwa, na ndama wa wiki mbili tatu anayeharisha ni kiwanda cha kriptosporidia. Mvua ikinyesha kwenye mteremko, samadi inajua njia yake.

Moto hauchagui. Kriptosporidia, mgumu kuliko wote kwa klorini, anakufa kwenye nyuzi 72 ndani ya dakika moja. Nimeulizwa mara nyingi kama maji ya huku, kwa kuwa yanachemka mapema, yanaua kweli. Swali hilo lina akili. Mjini Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kitulo, kwenye mita 2,600, ni kama 91. Ndiyo maana maharage ya Makete yanakula kuni kuliko ya Kyela. Ila mdudu si haragwe. Nyuzi 91 ni zaidi ya anachoweza kustahimili. Ushauri wa Marekani ni dakika moja ya kuchemka kabisa, tatu kama uko juu ya mita 2,000, na anayezidisha hapo anaunguza mkaa tu.

Kuna pingamizi moja dhidi yangu ambalo nalichukulia kwa uzito, kwa kuwa linatoka kwenye taaluma yangu. Mtu anaweza kusema: ninyi wa maabara mmewatia watu hofu ya amiba kupita kiasi. Ni kweli. Nenda kituo chochote ukiwa na tumbo linalosokota, una nafasi kubwa ya kutoka na karatasi ya amiba na vidonge vya Flagyl. Yupo amiba mwingine, dispar, asiyedhuru, ambaye ganda lake kwenye hadubini halitofautiani na la yule wa kuhara damu. Wawili hao walitenganishwa rasmi mwaka 1993, na wengi wa wanaobeba "amiba" wanambeba huyo asiye na neno. Ushahidi tunaoweza kuuamini kwa macho ni kumwona mdudu hai akiwa amemeza chembe nyekundu za damu, na hilo linataka choo kipimwe kingali cha moto, ndani ya kama nusu saa. Sampuli iliyoachwa dirishani asubuhi ya baridi ya Mbeya haina tena cha kusogea. Nimeshuhudia majibu yakitolewa kwa sampuli ya namna hiyo, na mgonjwa akaondoka na wiki nzima ya dawa.

Kutokana na hayo tumepata ugonjwa wa mitaani uitwao "amiba sugu". Baadhi ya wenye nao hawakuwa na amiba tangu mwanzo. Wengine walikuwa naye, wakapewa Flagyl, dawa nzuri kwa amiba aliyeingia kwenye nyama ya utumbo au ini lakini dhaifu kwa wale waliomo kwenye maganda ndani ya utumbo, wanaohitaji dawa ya pili. Na wengine walipona vizuri wakarudi kunywa kwenye ndoo ile ile. Kwa hiyo, ndiyo, amiba tunamsingizia mengi. Ila mzigo huo ukimwondokea amiba haimaanishi protozoa wote wako huru. Utafiti mkubwa uliofanyika nchi saba za Afrika na Asia, matokeo yake yakatolewa 2013, uliikuta kriptosporidia miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuhara kukali kwa watoto wadogo. Huyo kwenye upimaji wetu wa kawaida hata haonekani, kwa sababu anahitaji rangi maalumu. Tunamwandika asiyekuwepo na kumkosa aliyepo.

Mambo mawili yananifanya niamini kwamba kwetu suala hili ni zito kuliko mikoa mingine. La kwanza ni VVU. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Kriptosporidia kwa mtu mwenye kinga nzuri ni wiki moja au mbili za mateso. Kwa ambaye kinga imeshuka na hajaanza ARV ni kuhara kusikokoma. La pili ni udumavu. Takwimu za 2022 zinaonyesha karibu asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano Iringa wamedumaa, na Njombe na Rukwa ni kama nusu, katika mikoa hii hii inayoilisha nchi. Jiadia anajulikana kuharibu ufyonzaji wa chakula hata bila kuharisha. Lakini nisidanganye: majaribio makubwa ya maji, vyoo na kunawa yaliyofanyika Kenya na Bangladesh, yakatolewa 2018, hayakuongeza urefu wa watoto. Maji yalitibiwa kwa klorini, na wapo wanaosema ndiyo sababu. Mimi siwezi kuapa kwamba moto ungeleta jibu tofauti. Lishe na muda wa mama shambani vina sehemu yao, labda kubwa zaidi.

Kuhusu amiba anayekula ubongo, ambaye picha zake husambaa kwenye simu kila mara: huyo huingia kwa njia ya pua, hupenda maji ya moto, na humpati kwa kunywa. Vijito vyetu vya baridi si makazi yake.

Nikilazimika kuamua, naamua hivi. Kipindupindu kikitangazwa, klorini ianze, bila mjadala. Siku za kawaida, maji ya mtoto wa chini ya miaka miwili na ya mgonjwa mwenye kinga dhaifu yachemshwe. Hayo ni lita mbili tatu, yanachemka kwenye makaa yaliyobaki baada ya ugali, na yanakaa kwenye chupa ya chai au ndoo yenye koki, si ya kuchota. Maji ya wengine yatiwe dawa, ni bora mara nyingi kuliko kuyaacha. Na mwenye uwezo anunue kichujio cha udongo wa kuchoma, zile ndoo mbili zilizopandana, kwa sababu hicho kinawazuia wenye maganda bila moto. Mapitio ya tafiti ya 2015 yalikadiria kuwa klorini ya nyumbani hupunguza kuhara kwa kama robo, na vichujio kwa karibu nusu. Tafiti zenyewe zina udhaifu, lakini mwelekeo unalingana na ninachokiona mezani.

Mzigo mkubwa zaidi, hata hivyo, si wa mama. Ni wa mtambo. Maji ya mto, na Mbeya tunaendelea kuutegemea zaidi na zaidi mto Kiwira, yanahitaji kutulizwa na kupita kwenye mchanga vizuri kabla klorini haijaguswa. Mamlaka zetu za maji zinapotupa taarifa hutuambia lita ngapi na kaya ngapi. Ningependa zibandike pia, kila wiki ya masika, kiwango cha ukungu wa maji yanayotoka kwenye chujio, kwa tarakimu, pale ofisini tunapolipia bili.

Mama wa Uyole nilimweleza habari ya lita mbili za mtoto. Alisikiliza, akaniuliza: "Na akianza kwenda chekechea, akanywa bombani na wenzake?" Sikuwa na jibu la kumpa siku ile, na bado sina.